Ndege Ambayo Haikuanguka

Akinyi,

Salamu sina haja nazo. Nakusikia kupitia ukuta ukibishana na mama yako kama mfuko wa dagaa wa omena utanuka ndani ya basi au hautanuka. Utanuka. Ubebe tu, maana ukiuacha nitasikia habari zake mwaka mzima. Mambo ya blanketi, ya kula vizuri, ya kanisa na ya kujihadhari na vijana wa Nairobi nimemwachia yeye. Ameyapanga kichwani tangu ulipopata leseni yako ya urubani, nami siwezi kumnyang'anya. Mimi nimekaa hapa sebuleni kujibu swali uliloniuliza juzi mezani, lile nililolijibu kwa kukuambia uangalie miiba.

Uliniuliza hivi: "Baba, wakiniambia niruke na ndege ambayo naona haiko sawa, nifanye nini?" Mama yako akaacha kutafuna. Nikasema samaki huyu ana miiba mingi, kula polepole. Ulicheka, lakini uliendelea kunitazama, na nilijua umeona kwamba nimekwepa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Kijaluo changu mama yako anakielewa akitaka tu, na Kikuria chake mimi nakielewa akiwa amekasirika tu. Wewe ulikua katikati yetu ukitafsiri ugomvi, na labda ndiyo sababu unapenda kuuliza maswali. Ulimuuliza hata pasta kwa nini Nuhu hakuwabeba samaki.

Swali lako lilikuwa la haki. Nani wa kuulizwa kama si mimi? Miaka yote umeniona nikitoka asubuhi na koti la kung'aa la kampuni kwenda uwanja mdogo wa ndege hapa Homa Bay, kufukuza ng'ombe kwenye njia ya kurukia, kupima mizigo, kupiga simu Nairobi kusema mvua imesimama juu ya Rusinga au imepita. Siku nyingine walinituma Migori nikafanye hayo hayo. Sijawahi kushika usukani wa ndege. Lakini nimesimama karibu na marubani wakati wanaamua, na mara nyingi nimewasaidia kuamua. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Kila nikianza kukuandikia jibu la baba kwa binti yake, najikuta niko upande wa wale ninaotaka kukuonya juu yao.

Jambo la kwanza nililotaka kukuambia ni kwamba hakuna mtu atakayekuamuru. Ungekuwa na bahati kama wangekuamuru, ungejua kukasirika. Watakuja kwa upole. Watakuambia, "Wewe ndiye rubani, uamuzi ni wako," halafu watakutajia watu wanaongoja. Watakuuliza kama unaweza kujaribu tena mara moja tu. Watamtuma mtu kama mimi, mwenye mdomo mtamu, akuletee chai na kukuuliza watoto hawajambo. Kazi yangu yote ilikuwa mdomo. Mwanamke akija na kuku wawili wamefungwa chini ya leso, mzani ukisema amezidi, mimi nilimwambia apande, kuku si mzigo, kuku ni abiria. Watu walicheka, ndege ikaruka, na mimi nikaonekana mtu mwema.

Sasa nikusimulie siku ya Mwalimu. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ulichosikia ni kwamba baba alipewa mbuzi. Mbuzi yule tulimla Krismasi, na wewe ulikula, ukasifu ini.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule aliyestaafu, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, lakini aliyejenga huko Migori, akaishi huko na akataka kuzikwa huko. Alifia hospitali Nairobi. Watoto wake walio ng'ambo walikodi ndege kutoka kwetu, ile ndogo ya injini moja, viti vya nyuma vikang'olewa ili jeneza liingie. Walikuwa wameahidi kijiji kizima kwamba baba yao atarudi nyumbani kwa ndege. Kwaya ilikuwa inangoja kwenye uwanja wa Migori na sare mpya, magari yamefungwa vitambaa, watoto wa shule wamepangwa kando ya njia. Mtu ambaye maisha yake yote alipanda baiskeli alikuwa anashuka kutoka mbinguni.

Ndege ilitua hapa kwanza kumchukua ndugu yake, Mzee Odoyo, aliyekuja na boti kutoka Mfangano hadi Mbita na kutoka Mbita kwa gari. Ndani ya ndege kulikuwa na mjane, jeneza, na rubani wetu, Kapteni Wafula. Unamkumbuka Wafula, yule Mluhya mrefu aliyekuletea kalamu zenye picha ya twiga. Mzee Odoyo akapanda, mlango ukafungwa, nikafukuza ng'ombe wa mwisho, nikasimama pembeni kuinua mkono.

Wewe unalijua hili kuliko mimi, lakini nilieleze kama nilivyolielewa. Injini ile ina njia mbili za kuwasha moto wake, ya kushoto na ya kulia, ili moja ikifa nyingine ibebe. Rubani hujaribu moja moja kabla ya kuruka. Wafula alipojaribu ya kushoto, ndege nzima ilitetemeka, hata mimi niliyesimama mbali niliiona ikitikisika kama sufuria juu ya jiko bovu. Akapandisha injini kwa nguvu kuchoma uchafu kwenye plagi, akajaribu tena. Ikatetemeka tena. Akarudi, akazima, akashuka.

"Baba Akinyi," akaniambia, "hii kitu haiko sawa. Tafuta pikapu. Migori si mbali, watafika mchana huu huu. Ndege ingoje fundi."

Pikapu ilikuwepo. Nataka ulijue hilo. Hatukuwa kisiwani, hakukuwa na mgonjwa anayekata roho. Barabara ilikuwa pale, ya lami, na pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya ua wa jirani. Lakini nilipomwambia mjane, alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Pikapu ya kubeba mihogo?" akasema. "Watoto wake wamelipa ndege. Watu wanangoja ndege."

Nikampigia Mkurugenzi, mwenye kampuni, Nairobi. Huyo hapigi kelele, sijawahi kumsikia akipiga kelele. Akasema, "Wewe ni mtu wa huko, unajua kuongea na watu. Ongea na kapteni. Simlazimishi. Mwambie kabisa kwamba simlazimishi. Mwambie tu kuna wageni wangu wengine wanangoja ndege hiyo hiyo jioni." Nami nikapeleka ujumbe kama ulivyo. Wafula akatikisa kichwa.

Hapo ndipo Mzee Odoyo alipoteremka. Alikuwa ameketi karibu na jeneza muda wote huo na jasho linamtoka. Akatuambia tuache kumsumbua kijana wa watu, ndege haina ubaya wowote. "Huyu amekataa," akasema, akionyesha jeneza. "Amekataa kwa sababu yangu."

Unajua tunavyosema sisi. Gari la maiti likizima njiani, hatuiti fundi kwanza. Tunauliza marehemu ana neno gani na nani. Mzee Odoyo na Mwalimu walikuwa wamegombana kwa shamba la baba yao kule kisiwani, wakakaa miaka bila kusemezana, na Odoyo hakwenda hospitali kumwona. Alisimama kwenye mlango ule mkubwa wa mizigo, akaweka viganja vyote viwili juu ya jeneza, akaongea. Aliongea Kijaluo cha kisiwani, taratibu, kama mtu anayembembeleza mwenzake aamke. Akasema shamba ni la watoto wa wote wawili. Akasema alikuwa anaogopa kuja hospitali. Alilia, Akinyi, mzee yule, mpaka mjane akashuka akamshika. Mwishowe akasema, "Owadwa, wadhi dala." Ndugu yangu, twende nyumbani. Mimi nilikuwa nimevua kofia. Wafula naye alikuwa amevua yake, na yeye si mtu wa huku.

Wakapanda. Wafula akawasha, akajaribu kulia, akajaribu kushoto. Ikanguruma vizuri, laini kama cherehani mpya. Akajaribu tena. Laini. Watu waliokuwa kwenye ua wakapiga vigelegele.

Mimi nimekaa na siku ile miaka mingi na bado sijui nifanye nini nayo. Mafundi wameniambia joto linaweza kuchoma uchafu wa plagi taratibu na injini ikatulia yenyewe. Naelewa. Lakini nilikuwepo. Nilimwona mzee akiomba msamaha na nikasikia injini ikikubali, na ukiniuliza leo kama naamini nitakuambia siamini, kisha nitageuka kuona kama kuna mtu amesikia.

Wafula alizima tena. Akashuka, akaja nilipo, akasema polepole wengine wasisikie: "Imekubali. Lakini sijaitengeneza. Hakuna mtu ameitengeneza." Kisha akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Aliniuliza mimi. Sijui kwa nini. Labda alitaka mtu mmoja pale uwanjani aseme hapana pamoja naye. Nikatazama jeneza, mjane, yule mzee aliyekuwa bado anafuta uso kwa kofia yake. Kukataa sasa kungekuwa kumwambia kwamba hajasamehewa. Nani angeweza? Nikamwambia, "Mzee ameshasamehewa, Kapteni. Twende."

Nilisema twende, na mimi nilikuwa nabaki chini.

Waliruka. Nilisimama na simu mkononi nikisikiliza hadi mlio ulipopotea upande wa milima. Safari ile ni fupi sana, chai haipoi, lakini sikukaa chini. Simu ilipolia nikasikia kwaya kwanza, halafu sauti ya Wafula juu yake. "Tumefika. Imetetemeka tangu milimani mpaka chini. Nyuma hawajui, walidhani ni upepo. Ndege hii siirudishi." Akakata.

Basi Mwalimu alishuka kutoka mbinguni, na kijiji kikaona. Mbuzi aliletwa kwangu wiki hiyo hiyo. Mzee Odoyo mwenyewe alimsindikiza, akanishika mikono yote miwili.

Mkurugenzi aliwakosa wageni wake wa jioni. Fundi alikuja Migori kwa gari, akafungua, akasema plagi ilikuwa chafu, akaisafisha. Wafula akasema si plagi, ni kifaa kizima kinachotoa moto upande ule, muda wake umepita na alishawaambia tangu zamani. Mkurugenzi akasema kifaa kiko njiani, kimeagizwa. Wafula akasema basi na yeye atangoja njiani. Hakufukuzwa. Hawafukuzi watu, Akinyi, usingoje barua. Aliacha tu kuitwa. Kijana mwingine akaja na basi, akaipandisha ndege ile ile, akairudisha Nairobi, na akaendelea kuja nayo hapa kwangu miezi mingi. Kuhusu kile kifaa, sijui kilifika au hakikufika. Sikuuliza. Abiria walipotaka kujua Kapteni Wafula yuko wapi, nilisema alianza kuwa mwoga, umri umemwingia. Wakacheka nami.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapopotea. Ndege ile haikuanguka. Haikuanguka siku ile wala baadaye. Ilifanya kazi yake mpaka ikauzwa, na kwa ninavyojua bado inaruka huko iliko. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungejifunza nini? Mimi nilijifunza kwamba marubani wanaopenda kukataa wanapoteza kazi bure, na kwamba mambo mengi yanatulia yakiongeleshwa vizuri. Nilijifunza vizuri kabisa. Baada ya siku ile nilikuwa hodari kuliko zamani. Rubani akisema tairi limelika, nilijua la kusema. Akisema taa fulani inawaka na kuzima, nilijua la kusema. Kuna siku nyingine nilianza kwa kusema "simlazimishi mtu," kwa sauti ya Mkurugenzi, nikajisikia mwenyewe na bado nikaendelea.

Mungu anisamehe, kuna wakati nikisaka jibu lako nimetamani kwamba ingeanguka. Si na watu ndani. Ingeanguka tupu, ziwani, asubuhi pasipo mtu yeyote. Ningekuwa na kisa chenye kichwa na miguu. Ningekuandikia: ona, Wafula alisema kweli, baba yako alikosea, basi kataa. Badala yake nina ndege nzima, mbuzi aliyeliwa, ndugu wawili waliopatana, na mtu mmoja aliyepoteza kazi. Nikiweka hayo mezani, hesabu inasema Wafula ndiye aliyekosea. Tumbo linasema sivyo. Na mimi si mtu wa kuamini tumbo, mama yako atakuambia.

Mwaka jana nilikutana naye Mbita. Nilikuwa nangoja feri ya kwenda Luanda Kotieno na yeye alikuwa ametoka harusini Rusinga, amekaa kwenye kibanda anakula mbuta kwa mikono yake mirefu. Ana duka la vipuri vya pikipiki sasa, huko kwao. Hakuwa na kinyongo, na hilo lilinisumbua zaidi. Aliuliza habari zako. Nilipomwambia unasomea urubani aliacha kula, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

Nikamwuliza swali nililolibeba miaka yote. "Kapteni, niambie ukweli. Ile ndege ilikuwa mbovu kweli?"

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi? Si wewe ulikataa?"

"Sijui, Baba Akinyi. Ndiyo maana nilikataa."

Akaendelea na samaki wake. Nilitaka kubishana. Nilitaka kumwambia kwamba kama kila mtu angekataa asichokijua, hakuna ndege ingeruka, wala feri hii isingeondoka, wala mimi nisingeoa. Nikamwambia. Akacheka, akasema hilo la kuoa ni kweli. Kisha akasema siku ile ya Mwalimu alijua kwamba hajui, na bado akaruka, kwa sababu mzee alikuwa analia na mimi nilisema twende. Ile ndiyo safari inayomwamsha usiku. Ile ya kukataa haimwamshi.

Feri ikaja. Hatukuagana vizuri, kulikuwa na watu wengi na mbuzi.

Nimelizungusha jibu lake kichwani tangu siku ile. Saa nyingine naona ndilo jambo la maana kuliko yote niliyowahi kusikia. Saa nyingine naona ni maneno ya mwenye duka la vipuri anayehitaji kulala. Nakupa kama lilivyo. Labda wewe uliyesoma utaliona linavyokaa. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi siku zote nilikuwa na hakika, na nilikuwa na hakika kwa sababu sikuwa ndani ya ndege.

Nilitaka kumalizia hapo, Akinyi. Ingekuwa barua nzuri, ungeikunja ukaiweka kwenye Biblia. Lakini kuna jambo lingine, na ukilijua barabarani utanichukia, kwa hiyo heri ulijue hapa ambapo unaweza kuja kunigombeza.

Unadhani kazi hii ya Nairobi uliipata kwa maombi uliyotuma. Uliyatuma mengi, ninajua, na nilikuona ulivyokaa dukani kwa shangazi yako ukiuza sabuni na leseni ya rubani kwenye droo. Nilishindwa kuvumilia. Nilimpigia Mkurugenzi. Ndiyo, yule yule. Kampuni imekua, ina jina jipya na rangi mpya, ndiyo sababu hukuitambua, nami nikakaa kimya. Alifurahi kunisikia. Akaniuliza, "Huyo binti yako ni wa maneno ama ni wa kazi?"

Nikamwambia, "Ni wa kazi. Nimemlea mwenyewe. Akiambiwa twende, anaenda."

Akasema, "Sawa, maana sitaki Wafula mwingine."

Nikasema, "Huyu si Wafula."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, kwa furaha. Jioni hiyo nilimwambia mama yako achinje jogoo, nikasema nimemwota bibi yako. Ulipopigiwa simu ya kuitwa kazini ulirukaruka uani hadi kuku wakakimbia, na mimi nikajiona baba. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuwa na haraka, amenifikia kabla hata wewe hujaolewa. Alifika juzi mezani, ulipouliza swali lako, nikaelewa kwamba nilishalijibu kwa niaba yako, kwa mtu mwingine, na nikamwahidi.

Leo mchana nilitoka nikasema naenda kununua vocha. Nilikwenda nyuma ya kanisa, nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno, mimi mtu wa maneno, na yote yakanikimbia. Nilimwambia tu: "Bwana, lile nililokuambia kuhusu binti yangu si kweli. Huyu huuliza. Huuliza tangu akiwa mdogo. Ukimwambia twende na haoni sawa, hataenda, na mimi sitamwambia aende." Kisha akacheka, si kwa ubaya, anacheka vizuri yule mtu. Akasema, "Baba Akinyi, wote huuliza mwanzoni. Mwambie aje Jumatatu." Akakata.

Nimeyageuza maneno hayo tangu mchana. Sijui ni kejeli, ni tishio, au ni mtu mzima anayejua biashara yake. Sijui kama unakwenda kwenye kazi au kwenye mtego, au kama ni vitu hivyo viwili kwa pamoja, kama kazi nyingi. Sijui kama nimekusaidia kwa kupiga simu ya pili au nimekuharibia kabla hujafika. Hata sijui kama nina haki ya kukuambia usiende, na siwezi kukuambia uende kwa moyo mmoja. Basi linaondoka kesho asubuhi. Ukiamua kukaa, nitamwambia shangazi yako sabuni bado zinahitaji muuzaji. Ukiamua kwenda, nenda ukijua kwamba hakuna mtu ndani ya ofisi ile aliye na ahadi yangu tena. Niliitoa bila kukuuliza na nimeirudisha bila kukuuliza. Neno la tatu liwe lako mwenyewe.

Mama yako hajui habari za simu hizi, ile ya kwanza wala ile ya pili. Nitamwambia ukishapanda, na ushukuru hutakuwepo.

Naogopa, mwanangu. Ni hilo tu, ningeliandika juu kabisa ya karatasi nikamaliza. Naogopa uruke na naogopa ukatae, na nimekulea uweze yote mawili.

Ikifika siku ukasema hapana, na simu yako ikaacha kuita kama ya Wafula ilivyoacha, rudi nyumbani. Usipande basi la usiku ili ufike watu wamelala. Njoo mchana, siku ya soko, ushuke stendi wakati wauza samaki wote wamejaa, unipigie. Nitakuja mwenyewe, nitabeba sanduku lako kichwani kama mpagazi, na tutapita katikati yao, si kwa njia ya nyuma. Yeyote atakayetaka kujua kwa nini rubani wa nyumba ya Baba Akinyi amerudi, asikuulize wewe. Aniulize mimi. Nitakuwa na sanduku kichwani, kwa hiyo sitaweza kukimbia.

Baba yako